Mwongozo wa Kununua Gari Lililobadilishwa Sura: Habari za BMW 1 Series

Makampuni makubwa ya magari yana desturi ya kuirudia kazi yao baada ya miaka mitatu au minne tangu kuitoa kiwandani, yakaitazama upya, yakasahihisha yaliyolalamikiwa, yakatia taa mpya na bampa mpya, kisha yakalirudisha gari sokoni kwa jina lile lile na kiunzi kile kile, ili limalize umri wake wa miaka saba au minane pasipo kuonekana limepitwa na wakati mbele ya washindani wake. Desturi hiyo si ulaghai, na imeleta manufaa mengi. Walakini mnunuzi wa Mombasa, Nairobi au Dar es Salaam, ambaye aghalabu hulipata gari likiwa limekwisha kutumika Japani au Uingereza, hujikuta yadini mbele ya magari mawili yenye jina moja, la sura ya zamani na la sura mpya, yamesimama ubavu kwa ubavu, na bei zao zimeachana kwa kiasi cha kumtia mtu mashaka. Muuzaji humwambia kuwa lile la pili ni la uso mpya, na maneno hayo yakawa ndiyo hoja yote.

Nimekusudia kukuonyesha, ndugu msomaji, namna ya kuipima hoja hiyo kabla hujaitolea fedha zako. Shahidi wangu ni BMW 1 Series ya kizazi cha pili, gari dogo la daraja la juu lenye mlango wa nyuma unaofunguka pamoja na kioo chake, kwa sababu gari hilo lilirekebishwa mara mbili katika uhai wake, na mabadiliko yake ya nje na ya ndani hayakutokea siku moja. Humo ndimo lilimo somo lote: sura ina tarehe yake na injini ina tarehe yake, na mnunuzi mwenye busara hatoi fedha mpaka amezijua zote mbili.

Kwa nini sura hubadilishwa

Sehemu za gari zilizo ghali mno kubadilishwa ni zile za bati, zinazokandamizwa kwa kalibu kubwa za chuma mpaka zikapata umbo: paa, milango, mbavu za nyuma na sakafu. Kalibu hizo hugharimu mali nyingi, nazo hutarajiwa kutumika mpaka siku gari lenyewe litakapoachwa kutengenezwa. Bampa, grili, taa na vipande vya dashibodi ni vitu vya plastiki, vinavyofungwa kwa skrubu na vibanio, na kuvibadilisha ni gharama ndogo kwa kulinganisha. Tena, kwa bahati njema ya mtengenezaji, hivyo ndivyo jicho la mwanadamu linavyovitazama kwanza, kama tunavyotazama macho na kinywa cha mtu kabla ya mabega yake. Kwa hiyo msanifu huacha mifupa, akashughulika na uso. Hali yake ni kama ya jahazi lililopandishwa pwani, likatiwa kalafati, likapakwa rangi na kushonewa tanga jipya: uzuri wake ni wa kweli na kazi iliyofanywa ina faida, lakini mnunuzi aliyezaliwa pwani hatakosa kuuliza habari za mkuku.

Iko sababu ya pili, isiyoonekana kwa macho, nayo ni sheria. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni ya moshi iitwayo Euro 6 ililazimishwa kwa magari yote mapya kuanzia Septemba 2015, na kampuni iliyotaka kuendelea kuuza ilikuwa haina budi kuleta injini safi zaidi kabla ya mwezi huo. Mtengenezaji anapokuwa na hakika kwamba lazima aifungue boneti, huona ni heri abadilishe na uso pia, apate kulitangaza gari kuwa ni jipya. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini mwaka 2015 ulikuwa mwaka wa misukosuko katika daraja hili la magari: BMW 1 Series ilibadilishwa sura mwaka huo, Mercedes-Benz A-Class ikabadilishwa mwaka huo huo, na Audi A3 ikafuata 2016, ikileta injini ndogo ya silinda tatu na, kwa aliyetaka kuongeza fedha, dashibodi yenye kioo kitupu cha inchi 12.3 mahali pa saa za mishale.

Nasaba ya gari hili

BMW 1 Series ya kwanza ilitoka mwaka 2004, zama Chris Bangle alipokuwa mkuu wa usanifu wa BMW, nayo ikafanyiwa marekebisho 2007. Kizazi cha pili, ambacho mafundi hukitaja kwa alama ya F20 kikiwa na milango mitano na F21 kikiwa na mitatu, kilitoka 2011. Sura yake ilibadilishwa kwa mauzo ya Machi 2015, na mwezi huo huo gari likaonyeshwa hadharani katika maonyesho ya magari ya Geneva. Mwaka 2017 ndani yake pakatengenezwa tena. Na mwaka 2019 likaondoka kupisha kizazi cha tatu, F40. Kizazi hicho cha tatu kiliacha jambo lililokuwa fahari ya ndugu zake wakubwa, maana F20 husukumwa na magurudumu ya nyuma na injini yake imelazwa kwa urefu, ilhali F40, kama A-Class na A3, huvutwa na magurudumu ya mbele. Mwenye kupenda namna gari linavyogeuka wakati usukani umeachiwa kazi yake peke yake, pasipo nguvu ya injini kuuvuta, atalitafuta F20 kwa sababu hiyo tu, na kwake yeye marekebisho ya 2015 na 2017 ndiyo mlango wa mwisho uliobaki wazi.

Sasa tazama nyuso zenyewe. Gari la 2011 lilikuwa na taa za mbele kubwa, zilizopanda juu kuelekea boneti, zenye kona nyingi, na watu wengi hawakuzipenda. Walisema gari linaonekana limeshtuka. Wasanifu walisikia. Mwaka 2015 taa zilikatwa zikawa nyembamba na kulazwa kwa upana, ndani yake pakawekwa mwanga wa mchana wa LED, na badala ya taa za xenon aliyetaka zaidi aliuziwa taa kamili za LED. Grili ya mafigo mawili ikapanuliwa, na matundu ya hewa ya bampa yakapewa umbo la kutulia. Nyuma, taa ndogo zilizokuwa zimekaa pembeni mwa bodi ziliondolewa, zikaja taa pana zenye umbo la herufi L, ambazo kipande chake kimoja kimekaa kwenye bodi na kingine kwenye mlango wa nyuma. Chukua kipimo uone ajabu ya sanaa hii: gari la kwanza lina urefu wa milimita 4,324 na la pili 4,329, yaani limeongezeka milimita 5 tu, na upana haukuongezwa, walakini mtu akiyatazama mawili hayo kwa nyuma ataapa kuwa la 2015 ni pana zaidi na limekaa chini zaidi. Jicho limeongozwa na mistari ya taa. Huo ni ustadi wa haki, na mimi nauheshimu, kwa maana kurekebisha kazi iliyokosolewa bila ya kuivunja ni kazi ngumu kuliko kuanza upya.

Mabadiliko ya 2017 hayaonekani sana kwa nje. Ingia ndani: dashibodi imeshonwa upya kwa mistari safi, mapambo yameboreshwa, na kioo cha katikati katika magari yenye mtambo mkubwa wa kuonyesha njia hukubali kuguswa kwa kidole, ilhali wenzake wa kabla yake huamrishwa kwa kitufe cha kuzungusha kilicho karibu na gia. Ukiwa mtu wa safari ndefu utakayekaa ndani ya gari kuliko kulitazama nje, uzito wa mabadiliko haya ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa.

Yaliyo chini ya boneti

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapojikwaa, kwa hiyo nakuomba usome polepole.

Gari la 118i la sura ya zamani lina injini ya N13, silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 1,598, yenye tabo, nguvu za farasi 170. Sura mpya ilipokuja Machi 2015, 118i iliendelea kutiwa injini hiyo hiyo ya N13, ikiwa imepunguzwa nguvu kufikia farasi 136, mpaka katikati ya mwaka. Ndipo kuanzia Julai 2015 ikatiwa injini mpya ya B38, silinda tatu, sentimita za ujazo 1,499, yenye nguvu zile zile 136. Maana yake ni kuwa yapo magari ya 118i yenye uso mpya na moyo wa zamani, na kwa kuyatazama kutoka nje huwezi kuyatenga. Ndugu yake wa 120i alikaa na N13 mwaka mmoja zaidi, mpaka katikati ya 2016, ndipo akapewa B48 ya lita mbili, silinda nne. Wakati huo huo 125i ikaacha injini ya N20 ikachukua B48, na lile la nguvu nyingi, M135i lenye silinda sita, likapisha M140i lenye injini ya B58 na nguvu za farasi 340.

Upande wa dizeli mambo ni mepesi kidogo: 118d na 120d za sura ya zamani zina N47 ya lita mbili, na za sura mpya zina B47 tangu mwanzo, wakati 116d ya sura mpya ilipewa B37 ya silinda tatu. Hapo sura na injini zilibadilika pamoja, na hapo tafauti ya bei ina haki kubwa zaidi kuliko mahali pengine popote katika nasaba hii.

Nieleze sababu. N47 iliingizwa katika 1 Series pamoja na marekebisho ya 2007, na wakati ule ilisifiwa, kwa haki, kwa nguvu zake na kwa kula mafuta kidogo. Lakini mnyororo wake wa taimingi, yaani cheni inayozungusha mashafti ya vali kwa kufuata mwendo wa kranki, umewekwa nyuma ya injini, upande wa gia boksi. Na katika injini nyingi za miaka ile ya mwanzo cheni hiyo, au vishikizo vyake vya plastiki, viliisha mapema. Cheni ikikatika vali hugongana na pistoni, na injini imekwenda. Kuibadilisha kabla haijakatika si kazi ndogo, kwa kuwa fundi hana budi kushusha gia boksi au injini nzima ndipo aifikie. Basi aliyekimbilia uso mpya wa 2007 kwa kudhani kuwa upya ni usalama alinunua, pamoja na taa nzuri, hatari ambayo gari la kabla yake halikuwa nayo. Marekebisho ya 2015 yaliponya, na ya 2007 yalileta ugonjwa. Kwa hiyo usiufanye upya kuwa hoja, uliza upya wa nini.

Wala B47 yenyewe usiipokee pasipo swali, maana cheni yake bado iko nyuma ingawa imetengenezwa upya. Fauka ya hayo, mwaka 2018 BMW iliyaita magari yake mengi ya dizeli, Korea Kusini na Ulaya, yarudi kurekebishwa, kwa sababu kipoza moshi kiliweza kuvuja maji yake ya kupozea, yakachanganyika na masizi na kuweza kushika moto. Ukiletewa dizeli ya Uingereza ya miaka hiyo, dai ithibati kuwa wito huo uliitikiwa.

Namna ya kulithibitisha gari

Kwanza, usiutegemee mwaka ulioandikwa kwenye tangazo. Mwaka wa magari ya Japani unaotajwa na wauzaji aghalabu ni wa kusajiliwa, si wa kutengenezwa. Na gari lililotoka kiwandani mwishoni mwa 2014 laweza kusajiliwa katikati ya 2015 likiwa bado na sura ya zamani. Chukua namba ya chesisi, ambayo katika gari hili ina tarakimu na herufi 17, na ambayo utaiona pembeni chini ya kioo cha mbele na tena chini ya boneti. Linganisha hizo mbili, kisha zilinganishe na logibuku au kadi ya gari. Herufi 7 za mwisho, ukimpa muuza spea wa BMW mwenye katalogi, zitamwonyesha mwezi lilipotengenezwa, injini iliyotiwa, aina ya taa na hata rangi ya viti. Ni kazi ya dakika chache, na ndiyo dakika zenye thamani kubwa kuliko zote katika ununuzi wako. Ikiwa katalogi inasema gari lilizaliwa na taa za aina moja nawe unaona za aina nyingine, uliza kwa upole lakini uliza mpaka ujibiwe, kwa maana taa hazibadilishwi bila ya sababu, na sababu iliyo ya kawaida ni kugongwa.

Pili, isome bodi. Fungua boneti utazame vichwa vya bolti zinazoshika bawaba na mbavu za mbele: rangi iliyobanduka kwenye kona za bolti ni ushahidi wa spana. Pitisha kidole katika mwanya baina ya taa na boneti, kushoto kisha kulia. Kiwandani mianya hiyo hutoka sawa, na mmoja ukiwa mpana kuliko mwenzake gari limefunguliwa uso. Kisha zunguka nyuma, kwa kuwa katika sura mpya taa ya L imekatwa mahali mlango unapokutana na bodi, na mistari ya vipande viwili vya taa yapasa kukutana bila ya kupanda wala kushuka. Mlango uliogongwa ukanyooshwa na fundi bodi, hata akiwa hodari, ni nadra kuirudisha mistari hiyo mahali pake. Hapo usanifu mpya umekupa, bila ya kukusudia, chombo cha kulipima gari.

Tatu, sikiliza injini ikiwa baridi. Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya boneti ujue kama ameshika ahadi. Ikiwashwa, simama upande wa kioo cha mbele, si upande wa grili, kwa kuwa cheni za dizeli ziko huko nyuma. Mkwaruzo wa chuma unaosikika kwa nukta chache kisha ukanyamaza, au unaorudi injini inapopandishwa taratibu kufikia mizunguko kati ya 1,500 na 2,000, ni onyo la kutosha. Injini ya B38 ya silinda tatu ina mngurumo wake wa kawaida na mtikisiko mdogo ikiwa imesimama. Huo si ugonjwa, ni maumbile, lakini mtikisiko usiokuwa na mpango, unaokuja na kuondoka, waita plagi au koili.

Nne, lijaribu gia boksi. Magari mengi ya F20 yanayofika kwetu yana gia otomatiki ya ngazi nane iliyotengenezwa na ZF, nayo ni mashine njema sana. Katika vitabu vya gari husemwa kuwa oili yake ni ya maisha, ilhali ZF wenyewe hushauri ibadilishwe baina ya kilomita 80,000 na 120,000. Gari likifika katika kipimo hicho na muuzaji hana karatasi ya kuonyesha kazi hiyo, ihesabu kuwa haijafanywa, na gharama yake uitoe katika bei.

Tano, lipime kwa kompyuta, na upimaji huo ufanywe na fundi uliyemchagua wewe. Mbali na makosa yaliyohifadhiwa, mwambie atazame kilomita katika visanduku mbalimbali vya gari, kwa maana aliyezirudisha nyuma kwenye saa ya dashibodi huenda akasahau mahali pengine.

Mambo ya asili ya gari

Gari la Japani na gari la Uingereza yote yana usukani wa kulia, na kwa hiyo yote hutufaa, lakini kila moja huja na tabia za nchi yake. La Japani aghalabu halijala kilomita nyingi na chini yake ni safi. Ila mtambo wake wa katikati mara nyingi husema Kijapani, ramani zake ni za huko, na redio yake ya FM hukoma kwenye masafa ya 90 au 95, ilhali idhaa zetu huendelea mpaka 108. Fundi wa umeme aweza kulirekebisha kwa gharama, basi gharama hiyo iingie katika mapatano. La Uingereza husema Kiingereza, lakini mwendo wake umeandikwa kwa maili, na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi hula bolti na mabomba ya chini. Lipandishe juu ulitazame tumbo.

Kwa mwenye kutamani dizeli nina neno la hadhari. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni, na hiyo ilikuwa hatua kubwa ya kheri. Lakini injini za Euro 6 zilikusudiwa dizeli ya Ulaya, isiyozidi sehemu 10. Tena chujio la masizi la injini hizo huhitaji safari ndefu za mwendo mkali ili lijichome na kujisafisha. Mtu wa Nairobi anayekwenda kazini na kurudi katika msongamano hatalipa chujio hilo nafasi ya kufanya kazi yake. Msafiri wa Dar es Salaam hadi Morogoro kila juma atalipa nafasi hiyo. Gari ni moja, hukumu ni mbili.

Sheria nayo ina neno. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo magari ya 2015, ya sura ya zamani na ya mpya, hayaagizwi tena, ila hupatikana humo humo nchini kwa wenye nayo. Yanayoweza kuagizwa ni ya miaka ya mwisho tu, yenye ndani ya 2017. Tanzania huruhusu magari makongwe zaidi, lakini gari likivuka miaka minane huongezewa ushuru kwa ajili ya umri wake. Mara nyingi ushuru huo hula punguzo lote ulilofurahia kwa kuchagua sura ya zamani, basi fanya hesabu mpaka mwisho kabla hujasema la zamani ni rahisi.

Kuweka bei mizanini

Baada ya kuyajua hayo, yagawe malipo yako. Ziko fedha unazolipa kwa ajili ya sura, nazo ni halali, kwa kuwa uzuri ni haja ya nafsi, tena gari la sura mpya huuzika upesi siku utakapotaka kuliuza. Ziko fedha unazolipa kwa ajili ya injini, nazo ndizo zitakazokulinda. Ukilinganisha 118i mbili za N13, moja ya 2014 na nyingine ya Aprili 2015, tafauti yote ya bei ni ya taa, grili na bampa. Tena umepokea nguvu chache zaidi, 136 badala ya 170. Usilipe kwa jambo hilo kama kwamba umenunua gari lingine. Ukilinganisha 120d ya N47 na 120d ya B47, sehemu kubwa ya tafauti ni ya injini. Lipa bila ya kinyongo.

Wapo wanaonunua gari la zamani kwa nia ya kulivika uso mpya kwa spea za kuokoteza, na mafundi wanaokubali kazi hiyo hawakosekani Gerezani ya Dar es Salaam wala Kirinyaga Road ya Nairobi. Mimi sikushauri. Mbele utahitaji bampa, grili, taa na nyaya zake, na kompyuta ya gari ifundishwe kuzijua. Nyuma taa za L hazikai mpaka ubadilishe mlango mzima, upigwe rangi ulingane na bodi. Ukimaliza utakuwa na gari ambalo namba yake ya chesisi inasema neno moja na uso wake neno jingine, na mnunuzi wako wa kesho, akiwa amesoma mwongozo kama huu, atakuchukulia kuwa umeficha ajali.

Aliye na la sura ya zamani na linamtumikia vema, na atulie nalo. Fedha ambazo angezitoa kwa uso mpya azitie katika oili ibadilishwe kila kilomita 10,000, wala asingoje kipimo cha kiwandani kinachofika 25,000 na zaidi. Katika maji ya kupozea. Katika oili ya gia boksi. Na katika tairi njema, akikumbuka kuwa mengi ya magari haya hayana tairi ya akiba na kwamba tumbo lake liko milimita 140 tu juu ya ardhi. Betri ikibadilishwa, kompyuta iarifiwe, la sivyo itaichaji mpya kwa kipimo cha kuukuu na kuiua kabla ya wakati.

Ukiniuliza nikuchagulie, nitakujibu bila ya kuzunguka. Kwa mtu wa mjini, tafuta 118i iliyotengenezwa baada ya Julai 2015, na ukiweza ile ya 2017 kwa ajili ya ndani yake. Kwa mpenda mwendo mwenye kiasi, 120i iliyotengenezwa baada ya Julai 2016 ndiyo yenye mizani bora kuliko zote. Kwa msafiri wa masafa marefu, dizeli ya B47 iliyoitikia wito wa 2018. Na ukikosa zote hizo kwa bei yako, ukakuta gari la sura ya zamani, la mmiliki mmoja, lenye karatasi za gereji tangu siku ya kwanza na mianya ya boneti iliyo sawa, limesimama karibu na lenye uso mpya lisilokuwa na karatasi hata moja, basi chukua la zamani, ulipe, uende zako nalo kwa moyo mkunjufu. Kwa maana karatasi zile zimekwambia miaka yote gari lilivyotunzwa, na taa mpya imekwambia mwaka mmoja tu.